Swali linalovuka Kasumbalesa

Kila Jumatatu asubuhi, kabla simu za wateja hazijaanza kulia, ninafungua daftari la miraba nililonunua soko la Kenya, komini (kata) moja ya hapa Lubumbashi, na kuandika herufi 13, kutoka A mpaka M, kila moja kwenye mstari wake. Kila herufi ni jina la seva ya mzizi, ile inayoulizwa kwanza jina la intaneti linapotafutwa. Kisha ninakaa mbele ya kompyuta na kuziuliza moja baada ya nyingine: wewe unayenijibu, uko wapi? Nyingi hujibu kwa jina lililobeba ndani yake herufi tatu za uwanja wa ndege. JNB ni Johannesburg. NBO ni Nairobi. LHR ni London, AMS ni Amsterdam. Ninaandika jibu, ninaandika na muda ambao swali limetumia kwenda na kurudi, ninafunga daftari, kazi ya siku inaanza.

Nimefanya hivyo kwa miaka sita, katika chumba cha mitambo cha mtoa huduma mdogo wa intaneti hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Hakuna aliyenituma. Nilianza baada ya kuona siku moja kwamba seva iliyokuwa ikinijibu kutoka Johannesburg wiki iliyotangulia sasa inanijibu kutoka Ulaya. Nikatafuta sababu. Hakuna kebo iliyokatika. Umeme ulikuwepo. Seva ya Johannesburg ilikuwa hai, na rafiki yangu wa Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, alikuwa anaifikia kama kawaida. Kilichohama kilikuwa njia yangu. Huko mbele, kupita yule tunayemlipa sisi, kampuni mbili ambazo hazijui hata kama nipo zilikuwa zimeacha kubadilishana trafiki, yaani data ya wateja wao, na swali langu likaambiwa lizunguke.

Hapa kwetu tunazungumza sana juu ya kebo, minara na umeme. Juu ya mapatano kati ya kampuni na kampuni tunazungumza kidogo mno, na kwa niliyoyaona katika daftari hili, mapatano hayo ndiyo yanayoamua kama kitu kilicho karibu nawe kiko karibu kweli.

Mtu anayetafuta nyumba ya ndugu yake huko Katuba bila kujua njia hapigi hodi mlango kwa mlango. Anauliza komini, akifika komini anauliza kartiye, akifika kartiye anauliza avenyu, mwisho anapata parseli, kiwanja chenyewe. Majina ya intaneti hutafutwa hivyohivyo, ila husomwa kuanzia nyuma. Ukiandika jina linaloishia .cd, alama ya Kongo yetu, mashine yetu inayotafuta majina kwa niaba ya wateja, ambayo sisi mafundi tunaiita risolva, huuliza kwanza seva ya mzizi: nani anashika .cd? Mzizi haujui anwani ya tovuti unayoitaka. Unajua tu nani aulizwe baada yake. Risolva ikishapata jibu hilo hulitunza kwa siku mbili, ndiyo maana mtumiaji wa kawaida anaweza kuishi miaka bila kusikia kwamba kuna kitu kinachoitwa mzizi.

Faili zima la mzizi ni dogo ajabu. Lina miishio ya majina 1,400 na zaidi, na uzito wake ni megabaiti mbili na kitu. Picha moja ya simu inaweza kulizidi. Kwa kawaida hutolewa upya mara mbili kwa siku. Lakini humo ndani mna maisha ya watu. Baba yangu alizaliwa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, akaanza kazi Lubumbashi ya mkoa wa Shaba, nchi ikiitwa Zaire, akastaafu Katanga, leo ni mzee wa Haut-Katanga, na muda wote huo hajahama avenyu yake. Faili la mzizi lilipita njia hiyo pia. Nchi yetu ilikuwa na .zr, mwaka 1997 ikapata .cd, na baadaye .zr ikafutwa. Mstari kama huo ukifutwa, kila jina lililokuwa chini yake linakoma kuwepo duniani kote, hata kama kompyuta iliyolibeba bado inawaka. Mimi nililelewa na mtu ambaye vitambulisho vyake vyote vina jina la nchi ambayo haipo tena, kwa hiyo faili hili dogo sijawahi kuliona kama jambo la mafundi peke yao.

Kwa nini herufi 13? Mfumo wa majina ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na paketi ya jibu ikapewa nafasi ya baiti 512 tu. Orodha ya seva za mzizi pamoja na anwani zao ilibidi ienee humo, na 13 zilienea. Zinaendeshwa na taasisi 12, kwa kuwa kampuni ya Verisign ina mbili, A na J. Waliobaki ni watu wa namna mbalimbali kabisa: NASA, Chuo Kikuu cha Maryland, jeshi la Marekani, Netnod ya Sweden, RIPE NCC ya Uholanzi, mradi wa WIDE wa Japani, na ICANN yenyewe, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani. Herufi C iko mikononi mwa Cogent, kampuni ya Marekani inayoishi kwa kuuza njia za intaneti. Msomaji aiweke pembeni hiyo, nitaihitaji.

Tarehe 21 Oktoba 2002 zote 13 zilishambuliwa kwa pamoja kwa muda wa saa moja hivi. Baada ya hapo waendeshaji wakakazana na njia inayoitwa enikasti: anwani ileile moja inatangazwa kutoka miji mingi, kila mji ukiwa na nakala yake. Ni kama namba moja ya simu inayopokelewa na dispensari mia moja. Ukipiga, anapokea yule ambaye njia imekufikisha kwake. Leo nakala za seva za mzizi zimepita 1,500 duniani. Johannesburg ina nakala za herufi kadhaa, Nairobi vilevile, na mwaka 2022 ICANN ilitangaza kwamba itaweka kundi zima la seva zake nchini Kenya, la kwanza la aina yake Afrika, ili maswali ya bara hili yasilazimike kuvuka bahari.

Ramani ya nakala hizo ukiibandika ukutani inafurahisha macho. Shida ni kwamba ramani inapima kilomita, na njia za intaneti hazichaguliwi kwa kilomita.

Mwenye lori anayetoka hapa kwenda Durban hatazami ufupi wa barabara tu. Anapita pale ambapo ana mtu, ambapo karatasi zake zinakubalika, ambapo hatalipishwa mara mbili. Ruta ya mtoa huduma, mashine inayochagua njia ya data, nayo imefundishwa hivyo. Njia inayopita kwa mteja wake inaipenda kuliko zote, kwa sababu mteja analeta pesa. Ya pili ni njia ya jirani ambaye wamekubaliana kubadilishana trafiki moja kwa moja bila kulipana. Hiyo ndiyo inayoitwa piringi. Ya mwisho ni njia ya kununua, tranziti, ambayo kila megabiti yake ina bei. Daraja hizo zikilingana ndipo ruta inahesabu ni mitandao mingapi ya kupitia, na hata hapo kilomita hazimo. Kwa hiyo yule mkubwa anayetuuzia njia akiwa na mteja London anayetangaza nakala ya herufi fulani, ruta yake itampeleka mtu wa Lubumbashi mpaka London, huku nakala nyingine ya herufi ileile iko Johannesburg, pengine ndani ya jengo lilelile ambamo ruta hiyo imefungwa. Hakuna kilichoharibika hapo. Kila mashine imefanya kile ilichoagizwa.

Nilichukua muda kulikubali jambo hili. Nilikuwa nikidhani kwamba njia ndefu ni alama ya kitu kilichovunjika, na nikishavumbua kilichovunjika nitakitengeneza.

Liko lingine, ambalo hata mafundi wenzangu wengi hushangaa nikiwaambia. Baadhi ya nakala za mzizi hutangazwa zikiwa na alama inayomwambia jirani: mimi nitumie wewe, usinipeleke kwa wengine. Sababu yake ni nzuri. Nakala hiyo imefungwa kwa ajili ya mji mmoja, kwenye mashine ndogo na waya mdogo; ikitangazwa ovyo inaweza kujikuta inabeba maswali ya nusu ya dunia. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyeunganishwa kwenye kituo cha mji huo anaiona, na ambaye hakuunganishwa haioni kabisa, hata kama ofisi zao zinatazamana. Nakala ipo mjini, na kwa huyu wa pili ni kama haipo.

Na njia ikikosea, jambo haliishii kwenye kuchelewa. Machi 2010 mafundi wa Chile waligundua kwamba maswali yao kwa herufi I yalikuwa yanajibiwa na nakala iliyokuwa Beijing. Mtu akiuliza jina la Facebook, YouTube au Twitter, jibu linarudi limegeuzwa, kwa sababu liliingiliwa humo njiani na mitambo ya kuzuia tovuti iliyoko China. Mtu wa Chile hakuwa na lolote na China. Tangazo la njia lilikuwa limevuka mipaka ambayo halikukusudiwa kuivuka, na mtandao fulani ukaliona zuri ukalichukua. Netnod, wenye herufi I, wakaacha kuitangaza nakala ile ya Beijing. Nikiona katika daftari langu herufi inajibu kutoka mji nisioutarajia, huwa nawakumbuka watu wale wa Chile.

Sasa turudi kwa Cogent. Kampuni hii ina historia ndefu ya kugombana na wakubwa wenzake juu ya nani amlipe nani. Oktoba 2005 Level 3 waliikatia, mwaka 2008 ikagombana na Telia na kisha Sprint, na kila mara wateja waliokuwa upande mmoja tu walijikuta sehemu ya intaneti imewapotea, ingawa waya zote zilikuwa nzima. Ugomvi unaonigusa mimi zaidi ni ule wa Hurricane Electric. Kampuni hiyo ilijenga mtandao mkubwa sana wa IPv6, anwani za kizazi kipya, ikaitaka Cogent ibadilishane nayo bila malipo kama watu walio sawa. Cogent ikakataa. Mwaka 2009 watu wa Hurricane Electric walioka keki, wakaiandika kwa sukari ombi lao kwa Cogent, wakaileta kwenye mkutano wa wahandisi wa mitandao Marekani. Picha ya keki hiyo ilizunguka dunia nzima. Haikubadilisha kitu, mzozo ulivuka miaka 10 bila kupona.

Herufi C ilipopata anwani ya IPv6 mwaka 2014, ugomvi huo uliingia kwenye mzizi. Mtu ambaye njia yake ya IPv6 inapita kwa Hurricane Electric peke yake haifikii C kwa IPv6. Na Hurricane Electric wako Johannesburg, mahali ambapo wengi wetu wa kusini mwa Kongo tunakwenda kuchukua intaneti. Chumba changu kiko zaidi ya kilomita 10,000 kutoka kwenye ofisi za kampuni hizo mbili, na bado kuna mstari katika daftari langu ambao niliuacha mtupu wiki baada ya wiki kwa sababu yao.

Niseme haki pia. Mstari mmoja mtupu haumzuii mteja wangu yeyote. Risolva ina herufi nyingine 12, na yenyewe hujifunza ipi inajibu upesi ikaielekea hiyo. Wala sitaki kumtisha mtu kwamba intaneti ya Lubumbashi itazimika kwa sababu wazungu wawili wamenuniana. Ninachokilalamikia ni kwamba uimara huo wa 13 unaficha ugonjwa. Wakati wa shida, zile njia unazodhani ni 13 unaweza kuzikuta zinapita kwenye kebo moja, kwa muuzaji mmoja, na kwenye mkataba mmoja ambao hujawahi kuusoma.

Tuliliona hilo mara mbili kwa muda mfupi. Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari, kwenye bonde la mdomo wa mto Kongo, ukakata kebo za WACS na SAT-3. WACS ndiyo inayoingia nchini kwetu pale Muanda. Mto wetu wenyewe ndio uliomkatia mwenzetu wa Kinshasa. Kisha tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zikakatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Malawi zikaumia. Wiki ile trafiki ilijazana kwenye njia zilizobaki, na herufi nilizozoea kuziona karibu zikaanza kuhamahama. Daftari langu la Mei 2024 limejaa kufutwafutwa.

Mei hiyohiyo ikaleta na lingine. Baada ya tarehe 18, seva za herufi C ziliacha kupokea matoleo mapya ya faili la mzizi. Ziliendelea kujibu, hakuna swali lililokosa jibu, ila zilikuwa zinajibu kwa faili la zamani wakati herufi nyingine 12 zinasonga mbele. Cogent waliambiwa tarehe 21, na faili likawa jipya tena tarehe 22. Maelezo yao yalikuwa mafupi: badiliko la sera ya njia, lisilohusiana na mzizi, lilinyamazisha mitambo ambayo kazi yake ni kupiga kelele pale faili linapoganda. Kazi iliyokuwa imepangwa kwenye miishio ya .gov na .int iliahirishwa kwa sababu hiyo. Na kama hali ingeendelea wiki mbili hivi, sahihi za usalama zilizo ndani ya faili zingeisha muda, na risolva zinazokagua sahihi zingeanza kuyakataa majibu ya C.

Mwezi huo Cogent ilikuwa pia inavunja mapatano yake ya piringi na Tata ya India. Siunganishi mambo hayo mawili kama sababu na tokeo. Lakini meza ni moja: meza ya kuamua nani apite wapi. Mtu aliyekaa kwenye meza hiyo anabadilisha mstari mmoja, na anaweza asijue ni nani mwingine alikuwa ameegemea mstari huo.

Tarehe 20 Mei 2024 ilikuwa Jumatatu. Niliiuliza C iko wapi, ikanijibu, nikaandika muda wake, nikafunga daftari. Faili la mzizi hubeba namba ya toleo iliyoandikwa kwa tarehe: mwaka, mwezi, siku. Ningeuliza na namba hiyo ningeona mara moja kwamba C imebaki nyuma. Sikuuliza. Tangu wiki ile nimeongeza safu ya tatu katika daftari, na sijairuka hata Jumatatu moja.

Watu huniuliza kwa nini nisiwaelekeze wateja wote kwenye risolva za Google, ile 8.8.8.8 ambayo kila kijana wa saiba anaijua kwa moyo, nikaachana na habari ya mzizi. Baadhi ya wenzangu wamefanya hivyo. Mimi sikubali. Risolva ikiwa hapa, inavuka mpaka mara moja kuuliza .cd iko kwa nani, kisha siku mbili inajibu wateja wote kutoka chumbani humu. Risolva ikiwa ng'ambo, kila swali la kila mteja linavuka mpaka, hata la jina lililoulizwa dakika moja iliyopita na jirani yake. Na mtoto anayeandika .con badala ya .com, swali lake la makosa huenda mpaka mzizini, kama hakuna jibu lililotunzwa. Sehemu kubwa ya maswali yanayofika kwenye mzizi ni ya majina yasiyokuwepo. Hata «hapana» ina safari yake.

Mteja aliyenifanya nianze kupigania jambo hili nje ya chumba changu ni mama mmoja mwenye famasi Kamalondo. Anaagiza dawa kwenye mfumo wa depo iliyo upande wa pili wa barabara. Sisi ndio tunaompa intaneti, depo inapewa na mwingine. Siku moja alikuja mwenyewe ofisini.

«Papa, ile depo naiona kwa mulango yangu. Juu ya nini inakawia sawa vile iko Bulaya?»

Nikamwonyesha kwenye skrini. Ombi lake lilitoka kwetu, likashika barabara ya Kasumbalesa, mpakani, kilomita 90 hivi, likaingia Zambia, likashuka mpaka Johannesburg, likapanda London, likakutana huko na mtandao wa yule mwingine, likarudi mpaka ng'ambo ya barabara yake. Mama alitazama majina ya miji yale kwa muda mrefu.

«Ni sawa mukuba,» akasema, yaani shaba. «Inatoka hapa bulongo, inarudia waya.»

Nimewahi kutoa maelezo marefu kwa watu wenye shahada na hawakuelewa kama alivyoelewa yeye. Shaba yetu inapanga foleni ya malori Kasumbalesa, inaondoka, na waya tunaofungia nyumba zetu tunaununua dukani umetoka mbali. Maneno ya mtu wa Kamalondo kwa mtu wa Kamalondo yanapanga foleni ileile.

Dawa ya hili inajulikana, na si ya bei. Chama cha watoa huduma, ISPA-DRC, kiliwasha kituo cha kubadilishana trafiki Kinshasa mwaka 2012, KINIX. Baadaye Lubumbashi tukapata LUBIX na Goma wakapata GOMIX. Kituo kama hicho ni swichi ndani ya chumba chenye umeme wa uhakika. Kila mtoa huduma analeta waya wake mmoja pale, na trafiki ya mji inabaki mjini. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, kwa hiyo kituo chake hakikuweza kutufaa sisi kwa kila jambo. Ilibidi tuwe na chetu. ICANN na RIPE NCC hupokea maombi ya wanaotaka kufungiwa nakala ya mzizi, mwenyeji akitoa mashine, umeme na njia. Lakini nakala yenye ile alama ya «usinipeleke kwa wengine» itawafaa wale tu waliopeleka waya wao. Swichi haina uwezo wa kumlazimisha mtu.

Nilikwenda kumwona mkurugenzi wa ile kampuni ya pili, inayohudumia depo. Simtaji. Alinipokea vizuri, akaagiza chai, akanisikiliza.

«Mutoto yangu,» akaniambia, «weye uko na bantu ngapi? Kama unapenda kufika kwangu, lipa sawa bale bengine.»

Sikuchukia, ila niliumia. Alisema maneno yaleyale ambayo wakubwa wa Marekani huambiana: mdogo amlipe mkubwa. Tofauti ni kwamba wateja wengi wa wakubwa hao wana njia nyingine za kuzunguka, na mzunguko wao ni wa milisekunde chache. Mzunguko wetu unapita mabara mawili, na yeye anaulipia kama ninavyoulipia mimi. Kila ombi la mama wa famasi linalipiwa dola mara mbili, kwetu likitoka na kwake likiingia, na pesa zote mbili zinalala Johannesburg au London. Nilimweleza. Nilimkumbusha na kituo cha Nairobi, KIXP, ambacho mwaka 2000 kilifungwa na mdhibiti wa Kenya wiki chache tu baada ya kuwashwa, kwa malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa iliyoogopa kupoteza biashara ya njia za nje. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Leo Nairobi ni mji ambao wengine tunaenda kutafuta majibu kwao. Alitikisa kichwa, akasema atafikiri. Huo ulikuwa mwaka juzi.

Wakati nikimsubiri nilifanya kile kilichokuwa ndani ya uwezo wangu. Kuna utaratibu, ulioandikwa upya mwaka 2020 kwa namba RFC 8806, unaoruhusu risolva ivute faili zima la mzizi na kulitunza ndani yake yenyewe. Tangu Desemba 2023 faili hilo lina na muhuri wake, kiasi kwamba mashine yangu inaweza kukagua kama kuna mstari uliobadilishwa njiani. Nimeliweka. Sasa mtoto akiandika .con, «hapana» inatoka hapahapa Kampemba, na wakubwa wakigombana juu ya herufi C wateja wangu hawaguswi na swali hilo la kwanza. La pili linabaki palepale. Mzizi ukishasema .cd iko kwa nani, lazima umfikie huyo nani. Kisha umfikie mwenye jina. Kisha ufike depo. Megabaiti mbili nimezileta nyumbani. Barabara ya kwenda kwa jirani bado inapita Kasumbalesa.

Wiki iliyopita mkurugenzi alinipigia simu mwenyewe. Nilimpelekea daftari. Alilifungua katikati, akageuza kurasa za Mei 2024, akauliza mistari niliyoizungushia wino mwekundu ni nini. Nikamwambia ni siku ambazo njia yangu ilihama bila kebo kukatika. Akahesabu kwa kidole. Halafu akamwita fundi wake, kijana wa UNILU, chuo kikuu cha hapa, ambaye tunasalimiana mitaani, akamuuliza kama wao nao wana daftari kama hili. Kijana akasema hapana.

Mkurugenzi akaomba abaki nalo mpaka Alhamisi. Jumatatu hii nimeandika zile herufi 13 kwenye karatasi ya kawaida, nikaibana ukutani kwa msumari, juu ya swichi.